Kurudi Palepale

Tuanze na ukuta. Songea iko karibu nyuzi 10.7 kusini mwa ikweta, na jambo hilo la jiografia linaupanga mwaka mzima wa mpiga picha wa Msamala, mtaa wa mjini humo, ajue asijue. Kila mwaka, karibu na tarehe 21 Oktoba, jua la adhuhuri hupita utosini mwa mji likielekea kusini. Karibu na tarehe 21 Februari hupita tena likirudi kaskazini. Kwa hiyo ukuta wa nyumba unaotazama kusini hupigwa na jua la adhuhuri miezi minne tu. Miezi minane inayobaki, zamu ni ya ukuta wa kaskazini, na kivuli cha nyumba hulala upande wa pili. Mwenye nyumba anajua ni baraza lipi lina ubaridi mwezi Juni na lipi linaunguza mwezi Desemba, maana anahamisha kiti chake. Lakini mwambie akueleze kivuli kilifika wapi mwezi Aprili, hatakumbuka. Picha 12 za nyumba hiyo, moja kila mwezi, zilizopigwa kutoka mahali pamoja na kwa saa ileile, zinakumbuka.

Hoja ya sura hii yote imo katika picha hizo 12. Mtu anayepiga picha kwa kupenda tu, bila mteja wala bosi, hushauriwa mara nyingi aende mbali: atafute mlima, mbuga, ufuko, sherehe ya kimila, uso wa mzee mwenye makunyanzi. Mimi nashauri kinyume. Achague kitu kimoja kilicho umbali wa kutembea kwa miguu kutoka kwake, ajiwekee kanuni moja rahisi, kisha arudi hapo kwa mwaka mzima. Nasema hivi kwa sababu ya namna picha yenyewe inavyofanya kazi. Picha moja inaonyesha kilichokuwepo. Ukiiweka kando ya nyingine ya mahali palepale, jicho huanza kulinganisha bila kuombwa: hiki kimeongezeka, kile kimeondoka, huyu amehama. Hapo picha inakuwa ushahidi, na mpiga picha anakuwa mtu mwenye jambo la kusema, hata kama kamera yake ni simu iliyopasuka kioo.

Pingamizi la kwanza ni kwamba Msamala hakuna cha kupiga. Ni mtaa wa watu kama mitaa mingine ya mjini Songea: nyumba za tofali za kuchoma, mabati, barabara za udongo, fremu za maduka, migomba nyuma ya jiko. Serengeti iko mbali, Zanzibar iko mbali. Nalichukulia pingamizi hili kwa uzito kwa sababu wanaolitoa hawadanganyi. Kweli hawaoni kitu. Kinachokosekana hapo ni muda. Angalia boma. Katika Kiswahili cha ujenzi, nyumba iliyopanda kuta bila kuezekwa huitwa boma, na sidhani kama kuna kitu kinachoeleza maisha ya Mtanzania wa kipato cha kawaida vizuri kuliko hicho. Nyumba haijengwi kwa mfululizo. Mtu hununua kiwanja, kisha tripu ya mawe na tripu ya mchanga, kisha anajenga msingi, kisha anapumzika. Mapumziko hayo yanaweza kuwa ya mwaka au ya miaka mitano, kutegemea bei ya mahindi, ada za watoto, ugonjwa, msiba. Fedha ikipatikana kuta zinapanda hadi usawa wa madirisha. Halafu lenta. Halafu kupaua, na siku ya mabati ni siku ambayo jirani wote wanaijua kwa mlio wa nyundo. Katikati ya hatua hizo boma linaishi maisha yake: majani yanaota ndani ya vyumba, watoto wanaligeuza uwanja wa kujificha, na mwenye akili ya kilimo anapanda mahindi pale patakapokuwa sebule. Anayelipita boma mara moja anaona kazi iliyokwama. Mwenye picha zake za kila mwezi anaona familia ikijikusanya nguvu, maana ataona tofali zinapoongezeka baada ya mavuno na zinaposimama shule zinapofunguliwa. Sijui somo gani kubwa kuliko hilo ambalo mtu angelifuata Ngorongoro.

Kisha kuna mwaka wenyewe, ambao Songea unatembea kwa hatua zinazoonekana wazi. Mvua huwa na msimu mmoja, kuanzia karibu Novemba hadi Aprili au Mei, na kila kitu hufuata hapo. Udongo mwekundu hugeuka tope, mahindi hupandwa hadi pembezoni mwa nyumba, na ifikapo Februari njia ya miguu iliyokuwa wazi imekuwa mfereji katikati ya kuta za kijani. Baada ya mavuno mahindi huanikwa kwenye maturubai, magunia hupangwa barazani, malori hupakia. Kipupwe cha Juni na Julai huleta makoti na majiko ya mkaa yaliyosogezwa mlangoni. Kiangazi ndicho msimu wa kufyatua tofali na kuchoma matanuru, kwa sababu tofali mbichi haitaki mvua. Septemba na Oktoba mashamba huchomwa kabla ya kulimwa, na moshi hutandaza utando hewani kiasi kwamba milima ya Matogoro, chanzo cha mto Ruvuma, hubaki kama kivuli cha buluu isiyokolea. Mpiga picha mwenye haraka hulalamika kwamba hewa imeharibika. Anayerudi kila wiki anaelewa kwamba ule utando ni habari, na kwamba Matogoro inayoonekana kwa ukali mwezi Machi baada ya mvua ina maana kwa sababu ya Matogoro iliyofifia mwezi Oktoba.

Hata saa ya kupiga haiko sawa mwaka mzima, na hili linawasumbua wengi wanaofuata ushauri ulioandikwa kwa ajili ya nchi za mbali. Huko Ulaya ya kaskazini jua la kiangazi huzama kwa mshazari, na mwanga wa dhahabu hukaa muda mrefu. Kwetu jua hushuka karibu wima. Likishakuwa karibu na upeo wa macho, mwanga laini haukai hata nusu saa, kisha giza. Mwezi Juni jua la Songea huchomoza karibu saa moja kasoro dakika chache asubuhi na kuzama karibu saa kumi na mbili na nusu jioni; Desemba huchomoza karibu saa kumi na mbili na robo na kuzama karibu saa moja. Aliyejizoesha kurudi hajifunzi hayo kwa jedwali. Anayajua kwa miguu, na siku moja mgeni atamwuliza kwa nini alifika mapema kiasi kile, naye ataona ajabu kuulizwa.

Kurudi kuna faida nyingine ambayo haipangiki, nayo ni kuwepo wakati jambo linapobadilika bila kutangaza. Kwa miaka mingi umeme wa Songea ulitoka kwenye majenereta ya dizeli. Mwaka 2018 mji uliungwa na gridi ya taifa kwa njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako. Siku ya uzinduzi ilipata wapiga picha wake, pamoja na viongozi na utepe. Lakini mabadiliko yenyewe yalikuwa kwenye kona za mitaa, saa mbili usiku: duka lililokuwa na taa ya betri likaweka friji, fundi wa kuchomelea akaongeza masaa, kibanda cha kunyoa kikabaki wazi. Mtu aliyekuwa na kanuni ya kupiga kona moja kila Ijumaa usiku tangu 2016 hadi 2020 angekuwa na kitu ambacho hakuna taarifa ya shirika la umeme inayoweza kukitoa. Hakuhitaji kujua kwamba umeme unakuja. Alihitaji kuwa na Ijumaa. Na kama hatukuwa na mtu huyo mwaka ule, Msamala ya leo inabadilika vilevile kwa jambo ambalo bado hatujui jina lake.

Si wazo geni hili. Wilson Bentley, mkulima wa Vermont, Marekani, aliunganisha kamera na hadubini, akapata picha yake ya kwanza ya chembe ya theluji mwaka 1885, kisha akaendelea kila majira ya baridi hadi alipofariki mwaka 1931, akiwa na picha zaidi ya 5,000. Hakuifuata theluji mbali. Alisubiri ianguke kwake. Nicholas Nixon alimpiga picha mkewe na dada zake watatu mwaka 1975, akarudia kila mwaka hadi 2022, dada wanne wakisimama kwa mpangilio uleule. Hakuna picha hata moja kati ya hizo inayoshtua. Zikipangwa ukutani zinawanyamazisha watu wazima. William Christenberry alikuwa akirudi mwaka hadi mwaka wilayani Hale, Alabama, kuyapiga majengo yaleyale madogo, mengi kwa kamera ya Brownie, chombo cha bei rahisi kilichotengenezwa kwa ajili ya watoto na wanaoanza. Na tusivuke bahari tukasahau kwetu. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mjini Zanzibar mwaka 1930, na mwanawe Rohit akaiendeleza. Ukitaka kuujua Mji Mkongwe wa karne ya 20 kabla na baada ya Mapinduzi, unajikuta umesimama mbele ya kazi ya familia moja, duka moja, mtaa mmoja. Magharibi mwa Uganda, Musa Katuramu, aliyekuwa na riziki nyingine, alikuwa akiwapiga watu wa Mbarara na jirani zake tangu miaka ya 1930; hasi zake zilitunzwa, na leo ni hazina ya historia kwa sababu alibaki na watu wake mwenyewe.

Atasimama mtu aseme: lakini wakubwa walisafiri. Mohamed Amin alianza Dar es Salaam akiwa kijana, akaizunguka dunia, na picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 zilitikisa mataifa. Ni kweli, na heshima yake haipunguzwi na sura hii. Ila Amin alikuwa mwandishi wa habari. Kazi yake ilikuwa kufika palipo na tukio, na kulikuwa na mashirika yaliyolipia ndege. Mpenda picha anayeiga mwendo huo bila kazi ile hupata safari moja kwa mwaka na picha zinazofanana na za kila aliyepita huko kabla yake. Chombo ambacho mwandishi wa habari hana, ila mpenda picha anacho, ni kukaa. Ashangaze watu kwa hicho.

Pingamizi zito zaidi kwangu ni la furaha. Watu hupiga picha ili kupumzika. Ukiwawekea kanuni, saa na kalenda, umewarudisha shule. Nakubali kwamba kanuni mbaya huua. Ile ya picha moja kila siku, ambayo imeenea sana kwa sasa, wengi huiacha ndani ya wiki chache, na wakiiacha huona aibu, na aibu inaifungia kamera kabatini. Jamie Livingston wa New York aliiweza: alipiga picha moja ya Polaroid kila siku tangu 31 Machi 1979 hadi 25 Oktoba 1997, siku aliyofariki. Lakini hata kazi yake haituamuru sote tufanye hivyo. Kanuni nzuri ni ile ambayo maisha yako yanaifanya tayari. Kama kila Jumapili unapita mahali fulani kwenda kanisani, au kila Ijumaa kwenda msikitini, mguu umeshapanga. Ongeza kusimama dakika moja. Ukikosa wiki, usiende kufidia siku inayofuata na kujidanganya. Acha pengo libaki, uandike sababu. Mwaka wenye mapengo manne, mawili ya malaria, moja la msiba na moja la uvivu, ni mwaka wa kweli. Na kuhusu furaha, naona watu huichanganya na mshtuko wa kitu kipya. Mshtuko huo huisha haraka. Furaha ya kujua mti mmoja vizuri kiasi cha kuona kwamba umechanua wiki mbili kabla ya mwaka jana ni ya aina nyingine, na haihitaji nauli.

Kuna wanaouliza kwa nini tujisumbue wakati kila mtu ana simu na picha zimejaa kila mahali. Wingi huo unanitia wasiwasi badala ya kunifariji. Simu ikijaa, picha hufutwa. Simu ikiibwa, zinaondoka nayo. Zile zilizowekwa kwenye status hutoweka baada ya saa 24. Tena nyingi za zile zinazobaki hazina jina. Songea inajua gharama ya jambo hili kuliko miji mingi. Mwaka 1906 Wajerumani waliwanyonga hapa viongozi wa Wangoni waliopigana vita vya Maji Maji, Nduna Songea Mbano akiwa mmoja wao. Kila Februari kunafanyika kumbukumbu, na Makumbusho ya Maji Maji yako Mahenge, mjini hapahapa. Picha za zama zile zilipigwa na watu wa upande wa mtawala, kwa haja zao, na mara nyingi aliyeandikwa jina ni Mjerumani, huku Waafrika wakiitwa kwa jumla: mateka, wapagazi, wenyeji. Mjukuu anayetafuta uso wa babu yake hapati pa kuanzia. Kamera leo iko mikononi mwetu, na tunawafanyia wajukuu wetu jambo lilelile kwa uvivu tu, tukiacha faili linaloitwa kwa tarakimu za kiwandani. Kwa hiyo nusu ya mradi ni daftari. Tarehe, saa, mahali, nani yumo kwa jina analolitumia mwenyewe, na sentensi moja ya kilichokuwa kikiendelea: mvua ya kwanza, boma la jirani limepauliwa, bei ya debe imepanda. Daftari la shule la kurasa 96 linatosha kwa zaidi ya mwaka.

Majina yanatuleta kwa watu wenyewe, na hapa sitaki kupita haraka. Mtu anayesimama na simu mbele ya nyumba ya mwingine kila wiki ataulizwa, na ana haki ya kuulizwa. Watu wanajua kwamba picha inaweza kutumika kumcheka mtu, kumdai, au kumuuza kwa wafadhili kama maskini. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini kabla ya sheria kuna shikamoo. Kuingia kwa salamu, kujitambulisha ni mtoto wa nani na unakaa wapi, kueleza kwamba unaomba kupiga boma au mwembe kila mwezi kwa mwaka, na kupokea jibu la hapana bila kununa, ni sehemu ya ufundi kama ilivyo kushika simu bila kutikisika. Ukimweleza pia mwenyekiti wa mtaa umejiondolea maswali ya baadaye. Kambi za jeshi, vituo vya polisi na benki viache kabisa. Hapa ndipo kurudi kunaposhinda tena kupita njia: mgeni wa siku moja huomba ruhusa kwa watu asiowajibika kwao, wakati anayerudi amejiweka mahali pa kulaumiwa. Mwezi wa tatu utaitwa kwa jina. Mwezi wa sita mama mwenye nyumba atakutumia ujumbe kwamba mafundi wanakuja kesho kupiga mabati, njoo.

Kuhusu vifaa nitasema machache, kwa sababu ni machache. Simu ya kawaida inatosha. Usivute zumu, tumia lenzi kuu ileile kila mara. Tafuta alama ya kusimamia, jiwe au kona ya mfereji, na ndani ya fremu weka kitu kisichohama, kama nguzo ya umeme pembeni, ili picha za miezi tofauti zilingane. Futa lenzi kwa kitambaa safi. Vumbi la kiangazi na mafuta ya kidole huharibu picha nyingi kuliko ubovu wa kamera. Picha ya simu ikiwa na megabaiti 4, picha 52 za mwaka hazifiki hata robo ya gigabaiti moja, kwa hiyo hakuna kisingizio cha kukosa nafasi. Ziweke sehemu mbili, moja ikiwa nje ya simu. Ukizituma kwa WhatsApp tuma kama dokumenti, la sivyo programu huzibana na kuzipunguzia ubora. Na usizirembeshe kwa rangi za kupaka. Kijani cha Februari kina ukali wake, na vumbi la Oktoba lina rangi yake. Ukizisawazisha umefuta kile ulichokuwa ukikifuata.

Mwaka ukiisha, chagua picha 12, moja ya kila mwezi, uzipeleke kwenye studio mjini zikachapwe kwenye karatasi. Zitandaze mkekani kwa mpangilio wa miezi na uwaite walio karibu, hasa mwenye boma. Usiwaeleze kitu. Wataanza na walichokitegemea, kuta na bati, kisha kidole cha mtu kitashuka pembeni kwenye kitu ambacho hukukipiga kwa makusudi: mche wa parachichi ambao Januari ulikuwa chini ya dirisha na Desemba umelifunika, baiskeli iliyosimama palepale hadi Julai na kuanzia Agosti haipo, mtoto aliyekuwa mgongoni na sasa amesimama. Mtabishana kuhusu baiskeli. Mtu atakumbuka ilikwenda wapi, na utahitaji kalamu, kwa sababu hilo halimo kwenye daftari.